Mogeji: kabla hujauliza riba, muulize afisa mikopo ameshafunga ngapi

Watu wengi wakisikia mogeji, yaani mkopo wa nyumba, swali la kwanza ni "riba asilimia ngapi?" na nawaelewa, na mimi niliuliza hivohivo. Ila baada ya kuzunguka na faili letu zaidi ya mwaka, mimi na mke wangu, leo ningeanza na swali lingine kabisa. Ningemuuliza huyu afisa mikopo aliyekaa mbele yangu ameshasimamia mogeji ngapi toka mteja anaingia mlangoni mpaka mteja anakabidhiwa funguo.

Usilione dogo hilo swali. Hapa Tanzania ukijumlisha mikopo ya nyumba ya mabenki yote nchi nzima unapata elfu chache tu, wakati mikopo ya mshahara inatoka kila siku kila tawi. Kwahiyo unaweza kukutana na afisa mwenye miaka kumi benki, mchapakazi, lugha nzuri, anakukaribisha na maji ya kunywa, lakini mogeji alizowahi kuzifikisha mwisho zinahesabika kwenye vidole vya mkono mmoja, au hana hata moja, na wala sio kosa lake, kazi hiyo haijampitia. Mkopo wa mshahara ni salari slipu, barua ya mwajiri, kitambulisho cha NIDA, siku mbili tatu hela ipo kwenye akaunti. Mogeji inaingia ardhi, inaingia ndoa, mirathi, mthamini, wakili, bima, msajili wa hati, na kila mmoja hapo anaweza kulilaza faili lako miezi.

Kwanini ziko chache? Benki inakaa na hela za watu ambao wanaweza kuja kuzichukua kesho, akaunti za akiba, amana za miezi sita, mwaka. Sasa wewe unataka ikupe hela hiyohiyo ukae nayo miaka 20. Ndo maana mwaka 2010 ikaanzishwa TMRC, kampuni ambayo mabenki yenyewe ni wanahisa wake, kazi yake kuyakopesha mabenki hela za muda mrefu ili na wao wakukopeshe wewe muda mrefu. Kabla yake mwaka 2008 zilipita sheria mbili zilizofungua njia, moja ya mikopo ya nyumba na nyingine ya umiliki wa sehemu za majengo, ile inayokuwezesha kuwa na hati ya flati yako peke yake ghorofa ya tatu bila kumiliki jengo zima. Mambo yamesogea kweli, muda wa kulipa umefika miaka 15, 20, hata 25, lakini idadi bado ndogo na uzoefu wa maafisa unafuata idadi.

Sasa niwaambie ya kwetu. Tulipata nyumba ya vyumba vitatu, mwenye nyumba yupo tayari, bei tumekubaliana. Tukaenda tawi moja la benki hapa Dar, tukapokelewa na kijana mmoja mzuri tu, akatupa orodha ya vitu vya kuleta, tukaleta vyote. Akapokea nakala ya hati akaibana kwenye faili na pini pamoja na vingine, akatuambia tukalipie uthamini. Tukalipa, mthamini akaja akapima, akapiga picha, ripoti ikatoka, faili likaenda makao makuu. Miezi mitatu kimya, tukipiga simu anasema linashughulikiwa. Afu siku moja likarudi, limekataliwa, kwasababu jina lililopo kwenye hati sio la yule aliyekuwa anatuuzia. Lilikuwa la baba yake, na mzee alishafariki miaka mingi, mirathi haijafunguliwa. Yaani jina limeandikwa pale ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, na hakuna aliyelisoma, sisi wenyewe hatukulisoma, na hela ya uthamini ndo hivo hairudi.

Benki ya pili tulimkuta dada mmoja mtu mzima, miwani imening'inia na kamba shingoni. Hatukuwa tumekaa vizuri akasema, "Kaka, mnayo nakala ya hati? Hebu." Akavaa miwani akaanza kusoma. Akasoma jina. Akauliza huyu ndo anayewauzia? Akasoma namba ya kiwanja na kitalu, akaangalia muda wa hati na tarehe ulipoanza kuhesabiwa, akapiga hesabu kwa kidole hewani, akasoma masharti ya matumizi kama yanasema makazi. Afu akageuza nyuma kabisa pale yanapoandikwa yaliyosajiliwa juu ya hiyo hati, rehani za zamani na mazuio. Dakika kumi hivi hajatuuliza mshahara. Ndo akatuambia tusilipe chochote kwa mtu yeyote mpaka sachi, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, itoke kwa msajili wa hati, maana nakala ni nakala, rejista ndo inasema ukweli wa leo, na muuzaji alete pia risiti za kodi ya pango la ardhi.

Ile hesabu ya kidole hewani nikaja kuielewa baadaye. Hati zetu ni za muda, 33, 66 au 99. Kama hati ni ya miaka 33 na imebaki 12, benki haiwezi kukupa mkopo wa miaka 20 juu ya kitu kinachoisha kabla ya deni, itabidi muda uongezwe kwanza ardhi au mkopo ufupishwe na rejesho lipande. Afisa asiyezoea atakuja kuligundua hilo kwa wakili mwishoni, mwenye uzoefu analiona siku ya kwanza. Na kama mlichonacho ni mkataba wa kuuziana uliopigwa muhuri serikali ya mtaa, afisa mwaminifu atakwambia palepale kwamba hicho sio dhamana ya mogeji, na leseni ya makazi nayo muda wake mfupi mno kwa mkopo wa miaka mingi, nenda kwanza kapimishe upate hati, hata kama kukwambia hivo kunampotezea mteja mwezi huo.

Jambo la ndoa nalo linaangusha mafaili mengi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka nyumba ya familia isiwekwe rehani bila ridhaa ya mwenzi, haijalishi hati ina jina la nani. Watu wanadhani ni fomu ya kusaini tu, mume anamwambia mke weka sahihi hapa, au mtu anaandika hajaoa wakati ana mke na watoto Morogoro, na ile sheria ya mikopo ya nyumba ya 2008 inamtaka mwombaji mwenyewe aseme kama ana mwenzi. Yule dada alimgeukia mke wangu akamwambia, "Mama, hii unayosaini maana yake tukishindwa kuelewana huko mbele nyumba inaweza kuuzwa na wewe umo ndani, umeelewa? Una swali?" Akasubiri kweli. Nilimheshimu sana kwa hilo, kwasababu kesi za ridhaa za kugushi zinajaa mahakamani na anayeumia ni familia iliyokuwa haijui kama nyumba imewekwa.

Hapa nataka tuelewane kitu ambacho wengi kinawachanganya. Afisa mikopo sio wakili wako na sio anayeamua. Yeye ni mfanyakazi wa benki, ana malengo ya mwezi, anakusanya nyaraka, anaandika mapendekezo, faili linakwenda kwa watu wa mikopo makao makuu ambao hawakujui na wengine wapo kazini kumpinga yeye. Kwahiyo akikwambia "wewe usijali, nakuhakikishia utapata" hapo jua ama hajui kazi ama anakupa unachopenda kusikia, kwasababu hiyo ahadi hana mamlaka ya kuitoa. Mwaminifu anaongea hivi: mahali hapa upo vizuri, mahali hapa watauliza, hiki kikikosekana faili litarudi. Na akikuomba ya soda, au asilimia fulani "ya kusukuma faili", ondoka na nyaraka zako zote mkononi, maana mtu anayekula kwako kabla ya mkopo ndo huyohuyo atapandisha thamani ya nyumba kwenye karatasi ili ukope kuliko unavyoweza. Ada za benki zinalipwa benki, kwa risiti, na hela ya mthamini anapewa mthamini aliyesajiliwa, sio kijana aliyesimama nje ya tawi na bahasha ya kaki.

Tuje kwenye hesabu, na hapa naomba utulie kidogo maana ndo pana utamu wenyewe. Yule dada alichukua karatasi tupu akaigeuza upande wangu. Tuseme unakopa milioni 80, riba asilimia 15 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio linalopungua, yaani kwenye deni lililobaki tu, miaka 20. Rejesho la kila mwezi linakuja 1,053,432. Akapigia mstari. Afu akauliza, katika hiyo hela ya mwezi wa kwanza unajua ngapi inapunguza deni? Nikasema labda nusu. Akaandika: riba 1,000,000, deni 53,432. Nilinyamaza. Mwaka mzima utakuwa umelipa milioni 12.6 na deni litakuwa limeshuka kama laki 6 na elfu 87 tu. Miaka 20 ikiisha jumla umelipa karibu milioni 252.8 kwa nyumba uliyokopea 80.

Afu akaandika pembeni hesabu ya miaka 15, mkopo uleule na riba ileile. Rejesho 1,119,670. Yaani unaongeza elfu 66 na kidogo kwa mwezi, na jumla inashuka mpaka milioni 201.5. Milioni 51 zinabaki kwako kwa sababu ya elfu 66 za mwezi, na kumbuka benki ndo inazikosa hizo milioni 51, na yeye ni mfanyakazi wa benki na bado alinionyesha. Mimi hapo ndo nilipoamua kwamba huyu ndo atakayeshika mkopo wangu.

Kuna na habari ya riba ya flati, hii inawapiga watu hasa kwenye mikopo midogo ya kumalizia ujenzi. Flati maana yake riba inapigwa kwenye mkopo wote wa mwanzo mpaka siku ya mwisho, hata kama umeshalipa nusu. Chukua milioni 10 kwa miaka mitatu, asilimia 18. Kwa flati riba ni milioni 5 na laki 4, rejesho kama 427,800 kwa mwezi. Kwa salio linalopungua, asilimia 18 hiyohiyo, rejesho ni kama 361,500 na riba yote ni milioni 3 na elfu kumi na tano hivi. Asilimia ni ileile mdomoni ila mfukoni tofauti inafika karibu milioni 2 na laki 4. Kwahiyo mtu akikwambia "sisi tuko chini, 12 tu" muulize inakokotolewaje, na akikwepa swali hilo mara mbili jibu umeshalipata. Muulize pia kama riba inaweza kubadilika katikati na nani anaamua, na ukipata hela ya ziada ukataka kupunguza deni mapema kuna faini au hakuna, kwasababu kwa ile hesabu ya juu shilingi inayopunguza deni miaka ya mwanzo inafanya kazi kubwa kuliko shilingi ya miaka ya mwisho.

Kwa wasiotaka riba kabisa kwa ajili ya dini, yapo mabenki yenye huduma za kiislamu ambapo benki inanunua nyumba na kukuuzia kwa bei yenye faida iliyojulikana toka mwanzo, na hapo napo tafuta afisa wa dawati hilo hasa, sio yeyote aliyekaa zamu, maana mikataba yake inaandikwa tofauti na maswali yake ni tofauti.

Gharama za pembeni watu huzisahau halafu zinawakamata wakati wameshatoa akiba yote. Mabenki mengi yanataka wewe mwenyewe uweke asilimia 10 mpaka 20 ya bei, sawa, hiyo wengi wanaijua. Ila kuna ada ya kushughulikia mkopo, mthamini, wakili, ushuru wa stempu, usajili wa uhamisho na wa rehani, bima ya maisha ya mkopo na bima ya moto ya nyumba, hizo bima mara nyingi zinalipwa kila mwaka. Afisa mzuri anakuandikia zote kwenye karatasi moja kabla hujasaini kitu. Na mthamini ataandika thamani mbili, ya soko na ya mauzo ya haraka, ile ambayo benki inajiuliza ikibidi tuiuze kwa kuharakisha tutapata ngapi. Kama umekubaliana na muuzaji milioni 100 na thamani imetoka 85, benki haikopeshi kwa kufuata milioni 100 zako, pengo ni lako. Hili tuliambiwa mapema na tukarudi kwa muuzaji kuongea naye upya kabla hatujampa hata shilingi.

Kuhusu mshahara, ile kanuni kwamba theluthi moja lazima ibaki mkononi baada ya makato yote sio ya kukunyima, japo ukiwa unataka nyumba unaiona hivo. Kuna maafisa wanajua njia za kuipita, wanakushauri uhamishe deni huku ulifiche kule. Usikubali. Taasisi za taarifa za mikopo zinaonyesha madeni yako, mpaka vile vimikopo vya simu vinavyotoka kwa mabenki ambavyo ulichukua elfu 30 ukasahau kurudisha. Yule dada alituambia tukalipe cha mke wangu cha elfu 42 kabla faili halijaondoka mezani kwake, tukaona anakuza jambo, kumbe ndo kitu cha kwanza makao makuu walichouliza.

Na kuna siku mambo yanaweza kuharibika, ajira inaisha, biashara inayumba, mtu anaugua. Hapa ndo utajua uliingia na nani. Mwenye uzoefu atakwambia toka siku ya kusaini kwamba ukiona rejesho la mwezi ujao halipo njoo mwezi huu, kabla halijalala, maana mkopo ambao bado uko safi unaweza kupangwa upya, kuongezwa muda, kupewa nafasi, na ukishalala miezi mitatu mkononi mwake haupo tena, umeenda kwa watu wa makusanyo. Sheria nayo ina hatua zake na ni haki yako kuzijua: benki inatakiwa ikupe notisi ya siku 60 kabla ya kutumia haki ya kuuza, mnada wa nyumba unatakiwa utangazwe siku 14 kabla, na nyumba ikiuzwa kwa bei iliyo chini ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, sheria inaanza kwa kuchukulia kwamba benki haikutimiza wajibu wake wa kupata bei nzuri, ni kazi ya benki kuonyesha vinginevyo. Wengi wananyang'anywa nyumba huku wamezima simu kwa aibu.

Wenzetu Kenya nao walianzisha KMRC mwaka 2018 kwa lengo kama la TMRC, na ukiongea na ndugu zetu wa Mombasa au Nairobi utasikia habari zilezile za faili kulala na hati yenye jina la babu, kwahiyo usidhani ni sisi tu.

Ukienda kesho usibebe kitu kingi. Beba nakala ya hati ya nyumba unayoitaka, kaa, msalimie, mpe ile nakala, afu nyamaza kidogo uangalie macho yake yanaanzia wapi, kwenye jina na tarehe za ile hati, au kwenye kabati anakotafuta pini ya kuibania.